Chupa Si Tabibu

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga walipoutoa usemi huu hawakuwa wameiona chupa ya mafuta ya nywele yenye picha ya mwanamke ambaye nywele zimemshuka hadi kiunoni, na chini ya picha maandishi yanayodai kwamba yaliyomo ni siri ya Ayurveda ya maelfu ya miaka. Hata hivyo tabia yake waliijua. Chupa hiyo leo inajitembeza. Imo madukani Unguja na Mombasa, imo Dar es Salaam, imo Maskati na Dubai, na imo ndani ya simu ya kila aliyeamka asubuhi akakuta nywele zake zimesalia juu ya mto. Inaahidi mambo matatu kwa pumzi moja: kuzuia nywele zisipotee, kuotesha zilizokwishapotea, na kutomdhuru mtu yeyote kwa sababu ni kitu cha asili.

Makala haya yanadai kwamba ahadi hizo tatu ni za muuzaji, na Ayurveda imebebeshwa tu. Tiba kongwe ya Bara Hindi ina makosa yake na ina hekima yake, na yote mawili yameandikwa vitabuni kwa uwazi. Lakini haikuwahi kufundisha kwamba kila mwenye kupoteza nywele apewe chupa moja. Anayeinunua chupa hiyo kwa kuiheshimu Ayurveda anadanganywa mara mbili: zinapotea nywele zake, na inapotea ile tiba aliyodhani anaifuata.

Yafaa kuanzia kwenye vitabu vyenyewe. Nguzo za tiba hiyo ni tatu: mkusanyo wa Charaka, mkusanyo wa Sushruta, na kitabu cha Vagbhata kiitwacho Ashtanga Hridaya, ambacho aghalabu hukadiriwa kuwa cha karne ya 7. Humo mwili huendeshwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, ambazo msomaji wa pwani hatapata taabu kuzielewa akiziita upepo, nyongo na belghamu. Kwani waganga wa pwani waliorithi tiba ya Kiyunani kwa njia ya Waarabu nao waliupima mwili kwa joto na baridi, kwa ukavu na umajimaji. Nywele, kwa mujibu wa vitabu hivyo, ni mabaki yatokayo wakati mwili unapojenga mifupa. Sushruta anaeleza kwamba nyongo ikiungana na upepo kwenye mashina ya nywele, nywele hunyonyoka. Kisha belghamu na damu huviziba vitundu, nywele mpya zikakosa pa kutokea.

Hakuna alazimikaye leo kuamini kwamba belghamu huziba vitundu vya kichwa, darubini haikuiona. Lakini na utazamwe mpango wa hoja yenyewe. Kuna kunyonyoka, na kuna kuziba, na kila kimoja kina sababu yake. Daktari wa ngozi wa zama hizi naye, kwa lugha nyengine kabisa, hutenganisha shina la unywele lililopumzika na shina lililokufa, kwa kuwa la kwanza litaamka na la pili halitaamka tena.

Kwa hiyo swali la kwanza la tabibu wa Ayurveda lilikuwa juu ya sababu, na mafuta yalikuja baadaye. Kanuni yao iliyotangulia kila dawa ni kukiepuka kile kilicholeta maradhi. Charaka, katika kuonya juu ya chumvi, anasema wanaoila kwa kupita kiasi hupata upara na mvi kabla ya wakati, na mfano anaoutoa ni watu wa Saurashtra, katika Gujarati ya leo, na wa nchi za Sindh. Mtu anaweza kubishana naye juu ya chumvi. Hawezi kubisha kwamba tabibu huyo alikitazama chungu cha mgonjwa kabla ya kukitazama kichwa chake. Baada ya chakula yalifuata mambo ya tumbo, ya usingizi, matone ya mafuta ya dawa yaliyotiwa puani, na kukandwa kichwa kwa mafuta ya ufuta. Aliyetaka kupaka bila ya kuuliza hakuwa tabibu.

Na zaidi ya hayo, walikiri mpaka wa uwezo wao. Vagbhata anazigawa aina za upara kwa kufuata nguvu iliyozidi, na ule unaoletwa na nguvu zote tatu kwa pamoja anauweka katika yasiyotibika, sawa na kichwa ambacho ngozi yake imekuwa kama iliyounguzwa na moto. Maneno haya hayajawahi kuonekana katika kibandiko cha chupa yoyote. Tabibu wa karne ya 7, asiyekuwa na darubini wala maabara, alikuwa na ujasiri wa kumwambia mgonjwa: hili lako sina dawa yake. Muuzaji wa leo hana.

Hata mafuta yenyewe, yalipotumika, yalikuwa kazi ya ustadi. Mfano ni mafuta mashuhuri ya Kerala yaitwayo nilibhringadi. Kerala ni jimbo la pwani ya kusini-magharibi mwa India, ambako minazi imetanda kama ilivyotanda Unguja na Pemba. Ndani ya mafuta hayo hutiwa maji ya majani ya mnili. Maji ya bhringaraj, kimmea cha mahali pa majimaji chenye maua madogo meupe. Maji ya amla, tunda la kijani lenye ukali na ukakasi. Maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi na ya nyati wa kufugwa. Na tui la nazi. Vyote hupikwa na mafuta kwa moto wa taratibu mpaka maji yaishe. Kanuni ya jumla ya mapishi hayo ni fungu 1 la dawa iliyopondwa, mafungu 4 ya mafuta, na mafungu 16 ya majimaji. Mpishi hujua kwamba yameiva pale machicha ya dawa yanapokubali kusokotwa kama utambi, na yakitiwa motoni yasitatarike. Mwanamke wa pwani aliyewahi kulipika tui hata likatoa mafuta anaujua ustadi huo kwa pua na kwa sikio.

Sasa na isomwe chupa, hasa yale maandishi madogo ya nyuma ambayo hakuna anayeyasoma. Si chache miongoni mwa zile za bei nafuu ambazo kiungo chao cha kwanza ni mafuta mepesi ya madini, yatokanayo na petroli. Hufuata manukato na rangi ya kijani, na mwisho kabisa ndipo hutajwa, kwa kiasi cha kubarikia tu, ile mimea iliyojaa mbele kwa herufi kubwa.

Jinsi mambo yalivyofika hapo si fumbo. Mwaka 1902 tabibu P. S. Varier alianzisha huko Kottakkal, Kerala, nyumba ya tiba ambayo ilitengeneza dawa za Ayurveda zikiwa tayari kuuzwa, badala ya kila mgonjwa kwenda kuchemsha majani nyumbani kwake. Hapana lawama katika jambo hilo, wengi walifaidika. Lakini tangu zama hizo dawa ya Ayurveda imeweza kusafiri bila ya tabibu wake, na kila kitu kisafiricho bila ya mwenyewe hufika kikiwa na jina la yule aliyekipokea.

Neno shampuu ni shahidi mzuri. Asili yake ni neno la Kihindi lenye maana ya kukanda. Sake Dean Mahomed, aliyezaliwa Patna mwaka 1759, alifungua nyumba ya kuogea katika mji wa Brighton, Uingereza, akawakanda watu kwa mvuke na mafuta hata akapewa cheo cha mkandaji wa Mfalme George IV. Na mwaka 1822 akachapisha kitabu juu ya kazi hiyo. Baadaye neno likabaki, mikono ikaondoka. Leo shampuu ni sabuni. Safari ya neno hilo moja ndiyo safari ya tiba nzima: mkono umetoka, chupa imebaki.

Hapa ndipo wapenzi wa lugha wanapohusika. Kiswahili hakikuwa na umasikini katika jambo hili. Kinasema nywele zinakatika, pale unywele unapovunjika njiani na shina likasalia. Kinasema nywele zinanyonyoka, pale unywele unapotoka na shina lake. Kina upara, kina uwaraza wa mtu ambaye paji lake limepanda juu, na kina mapunye ya kichwa cha mtoto. Haya ni mambo mbalimbali, na wazee waliyapa majina mbalimbali kwa kuwa waliyatazama. Lugha ya chupa imeyafuta yote na kuweka neno moja, "tatizo la nywele", ili tatizo liwe moja na dawa iwe moja. Neno likishapotea, swali nalo hupotea. Na swali likipotea, mfuko wa mnunuzi huwa wazi.

Ukweli ni kwamba tofauti hizo ndizo zinazoamua nani atapona. Uwaraza na upara wa wanaume wengi ni jambo la urithi na homoni. Dawa mbili zinazojulikana kuusaidia, minoxidil iliyoruhusiwa Marekani kwa ajili hiyo mwaka 1988 na finasteride iliyoruhusiwa kwa wanaume mwaka 1997, huleta faida kwa baadhi ya watu na faida hiyo huondoka mtu aachapo kuzitumia. Nywele zinazotoka kwa mabaka ya mviringo mara nyingi ni kazi ya kinga ya mwili inayoyashambulia mashina yake yenyewe. Kwa aina zake nzito, kidonge cha kwanza kiliruhusiwa Marekani mwaka 2022. Upungufu wa madini ya chuma na maradhi ya tezi ya shingo nayo hunyonyoa nywele, na hayo hugunduliwa kwa kupima damu. Mapunye ni kuvu, na huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Mama anayempaka mwanawe mafuta huku akingojea, anawapa watoto wa jirani nafasi ya kuambukizwa.

Kisha ipo ile inayowahusu zaidi wanawake wa pwani na wa Afrika kwa jumla: nywele zinazotoka penye mapaji na juu ya masikio kwa sababu ya misuko ya kukaza, ya kuunganisha nywele za bandia, na ya kufunga kwa nguvu siku baada ya siku. Mwanzoni shina huwa limechoka tu. Msuko ukilegezwa, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, shina hufa na mahali pake pakawa kovu, na penye kovu hapaoti. Kuna pia upara wa makovu unaoanzia utosini na kutanuka pole pole, unaowapata zaidi wanawake weusi, ambao hauwezi kurudishwa nyuma bali huweza kuzuiwa usiendelee iwapo daktari atauona mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na katika ngozi ya kichwa, ukuta huo haujengeki. Kila mwezi ambao mwanamke wa namna hii ameutumia kungojea chupa ifanye kazi ni mwezi uliokatwa katika muda wake wa kupona. Hilo ndilo dhambi ya chupa, kubwa kuliko bei yake. Na ajabu ni kwamba, lau angelikwenda kwa tabibu wa Ayurveda aliyekisoma kitabu chake, neno la kwanza angeliambiwa ni lile lile la Charaka: ondoa sababu. Legeza msuko.

Watetezi wa chupa hawakosi jibu. Watasema: fulani alipaka, zikaota. Hapana shaka ziliota. Mwanamke aliyejifungua huanza kunyonyoka nywele kiasi cha miezi mitatu baada ya kuzaa. Ndivyo pia kwa aliyeugua homa kali au kufanyiwa upasuaji. Mashina mengi huingia mapumzikoni kwa pamoja, kisha huamka, na kwa wengi nywele hurudi zenyewe ndani ya miezi michache hadi mwaka. Aliyepaka zimerudi, na ambaye hakupaka zimerudi. Jogoo akiwika, asiwike, kutakucha. Na chupa ni jogoo anayedai malipo ya alfajiri.

Watasema tena: ni ya asili, haina madhara. Neno "asili" limefanyiwa dhuluma kubwa. Sushruta mwenyewe anaelekeza ngozi yenye upara ichomwe-chomwe kisha ipakwe lepe la zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu huzitunga kuwa shanga. Mbegu hizo ni za asili, na sumu iliyomo ndani yake ni miongoni mwa sumu kali zinazojulikana. Risasi nayo ni ya asili, na zebaki ni ya asili. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuzipima dawa 70 za Ayurveda za kumeza zilizouzwa madukani katika eneo la Boston. 14 kati yake zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Anayeongezewa vidonge juu ya chupa ya mafuta, kwa kuambiwa kwamba nywele hujengwa kutoka ndani, ana haki ya kuijua habari hiyo kabla hajavimeza.

Lakini wasifurahi mapema wale wanaoicheka Ayurveda nzima kwa kuwa tu haikuandikwa Ulaya. Kicheko si hoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionesha kwamba mafuta ya nazi, yakilinganishwa na ya alizeti na ya madini, hupunguza upotevu wa protini katika unywele, kwa kuwa huweza kupenya ndani yake. Kwa maneno ya Kiswahili, mafuta ya nazi husaidia nywele zinazokatika. Bibi za pwani hawakukosea. Kosa lipo kwa yule anayelichukua jambo la kukatika na kuliuzia watu wanaonyonyoka. Maji ya bhringaraj nayo yamejaribiwa kwa panya, na manyoya yao yakaota upesi zaidi; ni habari njema kwa panya, na ni sababu ya kutosha ya kuendelea kuchunguza kwa watu, ila bado si ruhusa ya kuahidi. Na hata mafuta mema yana mahali pake: kuvu wanaochangia mba hula mafuta, hivyo kumrashia mwenye mba mafuta kila siku ni kuwaandalia karamu.

Lawama ya mwisho ni ya washairi, na haifai kukwepwa katika kurasa hizi. Kwa vizazi vingi mashairi ya mapenzi ya pwani yameusifu uzuri kwa nywele ndefu, za singa, zenye kumeta na kuteleza, hata mtoto wa kike mwenye nywele za kipilipili akakua akidhani kwamba shairi halimhusu. Muuzaji wa chupa hakuibuni picha ile ya nywele za kiunoni. Ameiokota katika sifa zilizokwisha imbwa. Kilichokuwa tamathali kwa mshairi kimekuwa ahadi kwa mfanyabiashara, na tofauti baina ya tamathali na ahadi ni kwamba tamathali hailipishwi. Mshairi wa leo akitaka kulipa deni hilo, njia ipo: aimbe kichwa kama kilivyo, chenye kipilipili, chenye mvi, chenye uwaraza, na kilichonyolewa pia. Upara wa urithi hauna homa wala maumivu. Uliofanywa kuwa maradhi ni aibu, na aibu hutengenezwa kwa maneno.

India yenyewe, iliyo nyumba ya Ayurveda, iliona hatari hii zamani. Katika kanuni zake za dawa za mwaka 1945 imo orodha ya maradhi ambayo dawa hairuhusiwi kudai kwamba inayaponya. Upara umo katika orodha hiyo, pamoja na dai la kuotesha nywele mpya. Ikiwa nchi iliyokipika kitu imeyawekea mipaka maneno ya wauzaji, seuze nchi zinazokipokea kikiwa kimefungwa! Jambo la chini kabisa la kudaiwa ni kwamba kila chupa inayouzwa kwa Waswahili iandikwe kwa Kiswahili, mbele na nyuma, kiungo kwa kiungo kwa kufuata wingi wake, na kwamba neno "kuotesha" lisiandikwe na yeyote asiyeweza kulithibitisha.

Mpaka hilo litimie, mnunuzi ana silaha moja, nayo ni ya Charaka kabla ya kuwa ya hospitali. Anapooneshwa chupa, na aulize: imeijuaje sababu yangu? Tabibu, wa Kihindi au wa kizungu, wa majani au wa vidonge, atakaa chini na kuanza kuuliza habari za chakula, za uzazi, za homa, za msuko. Chupa itanyamaza. Na kwa ukimya wake huo, kwa mara ya kwanza, itakuwa imesema kweli.